Fundi wa Mfuko wa Kushoto

Jasho lilimdondokea binti kwenye kitambaa, akalifuta upesi kwa kiwiko kabla msimamizi hajaliona. Mezani palikuwa na vipande vya shati zima: mgongo, mikono, kola. Huu ndio mtihani wa mwisho. Atakayelimaliza shati anaajiriwa hapohapo kiwandani. Atakayeshindwa, njia nyeupe.

Tangu amalize shule, mwaka mzima wa hayo waliyoyaita mafunzo ya kazi, alikuwa ameshona kitu kimoja tu, mfuko wa kushoto. Asubuhi mfuko, jioni mfuko, mpaka wenzake wakambandika jina la Bi Mfuko. Kila alipoomba kufundishwa kola, msimamizi alimjibu kuwa haraka haraka haina baraka. Na mashati hayo ya mafunzo yalipakiwa kwenye malori yakaenda kuuzwa, wao wasione hata senti. Uchafu mtupu. Nyumbani shangazi yake, mgongo umemwisha kwa kufulia watu, alikuwa akiingoja ajira hiyo ili apumzike.

Mfuko aliushona bila kuutazama. Mikono aliibahatisha. Kola ikalala upande kama sikio la mbuzi.

Msimamizi alipita akitafuna paja la kuku, mafuta yakimchuruzika kidevuni.

"Fundi gani hajui kola?"

"Hatukufundishwa, bosi."

"Hukufundishwa, au hufundishiki?"

Wageni waliokuja na kamera kuona vijana wanavyoandaliwa wakacheka. Binti alitamani kuwatapikia viatuni.

Hakufaulu mtu. Wa vifungo alijua vifungo, wa mikono alijua mikono. Wangeachwa washone pamoja, wangetoa shati la kuvaa bwana harusi.

Hapo msimamizi akalainisha sauti, akamwita binti "mwanangu". Kiwanda hakimtupi mtu, alisema. Wote wataruhusiwa kurudia mafunzo, tena bure, na yeye kwa kuwa mfuko anaumudu, awaelekeze wapya. Binti alimfikiria shangazi, na maneno ya kumwambia. Akaitikia kwa kichwa.

Wapya waliingia mchana uleule, wengine bado na sketi za shule. Mmoja aliketi karibu naye, akashika kitambaa kwa adabu.

"Dada, kola tutafundishwa lini?"

Binti aligeuka. Msimamizi alikuwa amemaliza kuku wake, anajifuta vidole, kimoja baada ya kingine, kwa lile shati la mtihani.

"Shona, mdogo wangu," alisema.