Kipimo cha Juu ya Nguo

Mashine ya randa ilimkamata Sindano Ijumaa, saa nne asubuhi. Ilikamata sweta tu. Pindo la mkono wa kushoto lilikuwa limechungulia nje ya ovaroli, likavutwa pamoja na mbao, na fundi mkuu, aliyekuwa hatua tatu kutoka hapo, akapiga swichi nyekundu. Visu viliposimama, mkono wa sweta ulikuwa umepungua kiasi cha kiganja. Ngozi haikuwa na hata mkwaruzo.

Fundi mkuu hakupiga kelele. Alimpeleka pembeni, penye rundo la fremu za milango, akamfungua vifungo vya ovaroli na kuanza kuhesabu.

"Sweta. Sweta nyingine. Shati. Fulana. Na hii?"

"Fulana."

"Wenzako wanatafuta kivuli, wewe umevaa kabati zima."

"Nasikia baridi."

"Una jasho mpaka kwenye kope."

Kanuni ilikuwa ukutani, juu ya swichi: mashineni, nguo moja tu chini ya ovaroli, mikono ibane. Sindano ndiye aliyeiandika kwa rangi miaka mitatu nyuma, kwa sababu mwandiko wake ndio uliokuwa mzuri kuliko wote pale karakana.

"Kuanzia leo uko kwenye msasa," fundi mkuu alisema. "Mwisho wa mwezi tunaanza milango mia mbili ya ile shule. Ukija na nguo moja, mashine yako. Usipokuja hivyo nampa Gundi, na nikishampa sitamnyang'anya."

Gundi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuunganisha na kugundisha, alikuwa akisikiliza bila kujificha.

"Wembamba wa reli, gari moshi hupita juu yake," alisema. "Lakini reli haijawahi kuvaa sweta, jamani."

Watu walicheka. Sindano naye alicheka, kama alivyozoea.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, minane kati ya hiyo ameitumia kwenye karakana hiyo. Jina alipewa na mjomba wake akiwa na miaka kumi na mitatu, mbele ya wageni: huyu ukimgeuza ubavu humwoni, ni sindano. Nguo ya kwanza ya ziada aliivaa akiwa na miaka kumi na saba. Hakuwa akikubali kupigwa picha. Mwaka juzi uchumba wake ulivunjika kwa kuwa aliogopa kuonekana bila nguo zile. Binti wa watu alisubiri maelezo, hakupata. Alikuwa ameshakula unga wa kunenepesha aliouziwa na mwalimu wa mazoezi, akapata kuharisha. Kila asubuhi alitumia dakika hamsini kuvaa.

Karakana ilimjua kwa jambo jingine: jicho. Mbao ikishushwa, alitaja upana wake kabla futi haijafunguliwa, na hakuwa akikosea zaidi ya nusu sentimita. Wageni walioshindana naye walishindwa. Kwa seremala hiyo ni heshima kubwa, na ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo bila wasiwasi.

Jioni alikula kwa dada yake mkubwa, mwalimu wa hisabati, ambaye pia ndiye aliyemfulia. Dada aliinua sweta kwa vidole viwili.

"Hii imeliwa na nini?"

"Panya."

"Panya wa umeme?"

Sindano aliendelea kula.

"Nakufulia tangu mama afariki," dada alisema. "Kila wiki fulana kumi na nne. Wiki ina siku saba. Nilinyamaza nikidhani utasema mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua, mdogo wangu."

"Haya si maradhi, dada. Mimi ni mwembamba tu."

"Wembamba wangapi wanaingiza mkono kwenye visu ili wasionekane wembamba?"

Jumatatu alikwenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana, ana haraka. Alisoma vipimo vilivyoletwa na nesi: kilo sitini na nne, mita moja na sentimita sabini na sita. Damu safi, mapafu safi. "Uko kawaida kabisa," alisema, akaandika vitamini. Sindano aliipokea karatasi kwa adabu na hakumwamini. Kama yeye ni kawaida, basi daktari hakumtazama.

Nesi aliyempimia uzito alikuwa amemtazama. Alimwona akivua ovaroli, sweta, kisha akisita na kukataa kuvua zaidi; ikabidi akadirie uzito wa nguo na kuutoa. Alimfuata mpaka mlangoni.

"Kaka, chumba namba kumi na moja. Alhamisi, saa nane mchana. Kuna mama anazungumza na watu wenye shida kama yako."

"Shida gani?"

"Hiyo uliyonayo sasa hivi, umefunga vifungo vyote mpaka shingoni na feni haifanyi kazi."

Karakana ilikuwa na ubao wa ruhusa karibu na lango. Anayetoka mapema huandika saa na sababu, kila mtu asome. Alhamisi Sindano aliandika: *saa nane, jino.* Chumba namba kumi na moja kilikuwa na kibao: Afya ya Akili. Alisimama mbele yake kwa dakika nne, akageuka na kurudi. Jioni alimwambia dada yake kwamba mama yule hakuwepo.

"Hakuwepo, au wewe ndiye hukuwepo?"

"Pameandikwa akili, dada. Mimi nina wazimu?"

"Mwenye homa ana wazimu? Kichwa ni kiungo kama goti. Goti likiuma unaliambia lisiende hospitali kwa sababu ya jirani?"

Alhamisi iliyofuata aliandika tena *jino*, na safari hii aliingia.

Mshauri alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Chumba walikichangia na watu wa macho. Herufi za kupimia zilikuwa bado ukutani, kubwa juu, ndogo chini. Hakumuuliza anajisikiaje. Alimuuliza vitu vya kuhesabika: nguo ngapi, dakika ngapi, vioo vingapi kwa siku, mialiko mingapi ameikataa mwaka huu. Sindano alijibu namba moja baada ya nyingine na kushangaa jinsi zilivyokuwa tayari mdomoni. Mialiko ilikuwa kumi na moja. Hakuwahi kuijumlisha.

"Na kazi?"

Alieleza kuhusu randa, msasa, milango mia mbili. Kisha, kwa kuwa alitaka mama yule ajue kwamba kuna kitu anachokiweza, alieleza kuhusu jicho.

"Huo mlango una upana gani?" mshauri aliuliza.

"Themanini na moja."

"Una futi?"

Seremala hatembei bila futi. Walipima. Themanini na moja.

"Hii meza?"

"Sitini na mbili na nusu."

Ilikuwa hivyo. Mshauri alimpa kalamu ya risasi na karatasi ndefu, ile inayotandikwa juu ya kitanda cha wagonjwa.

"Weka alama mbili. Upana wa mabega yako."

Sindano alitazama karatasi kama anavyotazama mbao. Aliweka alama ya kwanza, ya pili, akaisogeza ya pili ndani kidogo. Walipima: thelathini na nne.

"Sasa simama, nikupime wewe."

Mshauri alinyanyua futi. Sindano alirudi nyuma hatua moja. Mama yule alingoja, hakusema vua. Futi ilining'inia hewani juu ya sweta mbili, shati na fulana mbili, na hilo ndilo lililomshinda. Kuna mteja mmoja aliwahi kupima nafasi ya mlango pamoja na plasta iliyokuwa inabomolewa. Milango sita ilirudishwa na Sindano ndiye aliyeichonga upya.

"Mama, hivyo hutapata kitu," alisema. "Kipimo cha juu ya nguo si kipimo."

Alivua sweta. Akavua ya pili. Shati. Fulana moja. Alimgeuzia mgongo, lakini alisimama wima, mikono ubavuni, kama kitu kinachosubiri kupimwa vizuri.

"Arobaini na nne," mshauri alisema.

"Umekosea."

"Pima mwenyewe."

Aliegemea ukuta, akamwelekeza mama yule aweke alama kwa kalamu kila upande, akageuka na kupima. Arobaini na nne. Aligeuza futi akaanzia upande mwingine. Arobaini na nne. Aliitazama karatasi yenye alama zake mbili, akautazama ukuta.

"Sentimita kumi," alisema. "Sijawahi kukosea sentimita kumi. Hata nikiwa mgonjwa."

"Kwa mlango hukosei. Kwa meza hukosei. Unakosea kwa kitu kimoja tu, na nguo zote hizi umezinunua kwa kufuata kipimo hicho."

"Basi nimeshajua. Nimepona?"

"Hapana." Mshauri alivua miwani. "Kesho ukijitazama utaona thelathini na nne tena. Namba haitaligeuza jicho kwa siku moja. Njoo Alhamisi sita, pamoja na hii ya leo. Kila wiki nguo moja inabaki nyumbani, na unaandika kilichotokea. Kilichotokea, si ulichoogopa. Na hilo jina lao la Sindano, tutalizungumza."

Wiki hiyo aliacha sweta ya juu. Aliandika kwenye daftari: *Hakuna aliyesema kitu. Gundi aliomba msasa.* Alhamisi iliyofuata aliandika ubaoni *jino* kwa mara ya tatu. Baada ya hapo aliacha fulana ya pili, lakini sweta ya mwisho akaing'ang'ania. Kwenye kioo cha dada yake aliona thelathini na nne, kama alivyoambiwa.

Jumatatu ya mwisho wa mwezi mbao za milango zilishushwa. Fundi mkuu alisimama karibu na swichi, Gundi akiwa ameshavaa miwani ya kinga.

"Nguo ngapi?"

"Tatu," Sindano alisema. "Fulana, shati, sweta."

"Kanuni?"

"Moja."

"Nani kaiandika?"

Sindano aliingia stoo. Mpango wa mshauri ulikuwa nguo moja kwa wiki, na alijua kwamba anauvunja. Alivua sweta, akaikunja juu ya kopo la vanishi. Alivua shati. Alikaa juu ya ndoo kwa muda. Nje, mtu alikuwa akiuliza kama tuanze au tusianze. Alifunga ovaroli juu ya fulana, akabana mikono, akatoka.

Gundi alimtazama kutoka juu mpaka chini.

"Mbona una mwili tu? Mimi nilidhani humo ndani kuna spoku ya baiskeli."

Sindano hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza, na Gundi akavua miwani ya kinga na kuiweka mezani.

"Ni utani tu, bwana."

"Najua. Nimeusikia miaka minane, umenitosha."

"Haya, yaishe," Gundi alisema.

Fundi mkuu alimvuta Sindano pindo la mkono, la kushoto kisha la kulia. Yalikuwa yamebana. Aliondoka penye swichi, akamwachia mashine.

Walichonga milango kumi na minne mpaka saa za chakula. Hewa ilipita kati ya ovaroli na mgongo, na mara mbili Sindano alihisi kwamba karakana nzima inamtazama. Aliinua kichwa, akakuta watu wanafanya kazi. Hilo ndilo aliloliandika kwenye daftari.

Kabla ya kwenda kula alipita kwenye ubao wa ruhusa.

"Usiniambie ni lile jino tena," fundi mkuu alisema nyuma yake. "Jino gani lisilong'oka mwezi mzima?"

"Si jino."

"Nini basi? Na mpaka lini?"

"Alhamisi nne zaidi."

"Andika. Sababu nayo uiandike."

Sindano alifuta neno la zamani kwa kiganja. Kwa mwandiko ule ule wa kanuni ya ukutani, mkubwa, wa kusomeka kutoka langoni, aliandika: *Alhamisi, saa nane. Hospitali, chumba namba 11, mshauri.* Kisha akaenda kula.