Kanga Afike Hai

Tangu Twaha afariki, mjane wake hakuwa ameonja kanga wa porini, na lawama zote zilikuwa juu yangu. Salamu zililetwa na mnunuzi wa ufuta aliyetokea Nandagala: "Shemeji yako Hafidha anauliza, Mnero kanga wamekwisha au ni miguu yako ndiyo imekwisha?"

Nilifoka. Mimi ni mwepesi wa hasira, hata padri anajua. Hasira ilipopoa nikabaki na hamu. Mimi na Twaha tulikua pamoja hapa Mnero, mpaka alipooa akahamia ukweni kule Nandagala, upande wa Ruangwa. Lakini kila kiangazi, mashamba yakishavunwa, alikuja Jumamosi na pikipiki yake inayokohoa, tukaingia porini. Nyama tuligawana: nusu kwa Lusiana wangu, nusu kwa Hafidha wake. Na tuliahidiana kwamba mmoja akitangulia, atakayebaki asimnyime kitoweo mjane wa mwenzake. Twaha yuko kaburini tangu masika. Mimi nilikuwa nimekaa tu nyumbani, wavu unaning'inia ukutani, na njia ya kwenda Nandagala naiona kama imefungwa.

"Kesho nakwenda kuwinda," nikamwambia mke wangu.

"Na nani?"

Hapo ndipo penyewe. Kuwinda kanga kwa wavu ni kazi ya watu wawili. Mmoja anajificha karibu na wavu, kwenye kijia wanachopita kwenda kunywa maji. Mwingine anawaswaga kwa nyuma, taratibu, maana kanga asiposhtuka haruki, anatembea zake. Twaha ndiye aliyekuwa akiswaga. Alijua kuigiza mlio wao mpaka wakawa wanamjibu, na mimi kule nilikojificha nazuia kicheko.

"Na wewe," nikasema.

Lusiana alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Eva, mimi na magoti haya?" Lakini alfajiri alinitangulia mlangoni, kajifunga kitenge, mkononi ana mfuniko wa sufuria.

"Huo wa nini?"

"Wa kuwatishia."

"Usithubutu!"

Alithubutu. Kundi la kwanza liliruka lote, likapita juu ya kichwa changu. Nilimtukana, naye akanitukana, tukawa sawa. Kundi la pili aliweka mfuniko chini, akawasemesha kwa sauti ileile anayowasemeshea kuku wake jioni, "haya mama, twendeni, twendeni ndani." Na haki ya Mungu wakaenda! Wawili wakanasa.

Niliwarukia, nikawabana mabawa, nikaita bila kugeuka. "Kisu, Twaha! Fanya haraka!"

Hakuna aliyekuja na kisu. Lusiana alisimama palepale alipokuwa. "Twaha hayupo, Baba Eva," akasema polepole.

Nililia, sioni haya kusema. Nimeshika kanga wawili, machozi na kamasi vinanitoka, na mkono wa kujipangusa sina. Lusiana akanipangusa kwa ncha ya kitenge chake.

Kisha nikaona balaa lenyewe. Kisu cha kuchinjia sijawahi kubeba maishani. Twaha Mwislamu, mimi Mkatoliki. Ndege niliyemchinja mimi, kwa Hafidha haliwi. Ndiyo maana toka ujana mimi nilishika miguu, Twaha akachinja, na nyumba zote mbili zikala bila maswali.

"Tumwite jirani Ashraf achinje," Lusiana akasema.

"Halafu nifike Nandagala na nyama kwenye mfuko? Majirani wote watauliza kachinja nani, na aliyekuwa akijibu hayo maswali ndiye huyo tuliyemzika. Anakwenda hai!"

Nikawatia ndani ya tenga, nikapanda bodaboda. Barabara ile ni vumbi na mashimo, na jua lilikuwa limeshapanda. Dereva akaniuliza, "Mzee, hao abiria wako wamelipa nauli?" Nikamwambia aangalie mbele. Tulipopumzika Ruangwa mjini, nikachungulia: mmoja keshakufa. Kibudu hakina mwenyewe, nikawaachia mbwa. Yule wa pili alikuwa kalegea shingo, kapanua mdomo. Nilimdondoshea maji mdomoni tone kwa tone, nikimbembeleza kama mtoto mgonjwa. "Usinifanyie hivyo, ndugu yangu. Kaza roho. Si mbali." Watu walinicheka, na mimi sikujali.

Alifika anapumua. Hafidha alikuwa uani anachambua mboga. Akaniona mimi, akaliona tenga, akaacha mboga.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, shemeji. Mwite mtu wa kuchinja, upesi."

Hakumwita mtu. Aliingia ndani akatoka na kisu cha Twaha kile kile, kimenolewa, kinang'aa.

"Shika miguu," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

Nikashika. Akaelekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Mimi namtazama tu, mdomo wazi.

"Alinifundisha mwenyewe, alipokuwa mgonjwa kitandani," Hafidha akasema akisuuza kisu. "Aliniambia, Saturnini atakuja na ndege hai, maana miaka yote hii hajawahi kukumbuka kisu. Nisipojua kuchinja, atarudi naye Mnero analia."

Nilicheka mpaka nikashika mti. Mjinga yule! Yuko kaburini na bado ananijua.

Tulikula, nikashiba, na nusu ya kanga Hafidha akaifunga kwenye majani ya mgomba iende kwa Lusiana. Wakati wa kuaga, moyo wangu ukawa kwenye kile kisu.

"Shemeji, nipe nikiweke nyumbani. Kiwe ukumbusho wangu."

Hafidha alikichukua, akakichomeka juu ya mlango, palepale Twaha alipozoea kukichomeka.

"Sikupi," akasema. "Kinakaa hapa. Ukitaka kukiona, unajua cha kuleta."