Skrubu Iliyobaki Mtutuni

Asubuhi ile Adventina alikuwa kibarazani kwake, mtaa wa Yoba mjini Gitega, akichomoa sindano iliyovunjikia ndani ya cherehani ya jirani. Mama yake, Martha, alikaa mkekani akichambua maharage na kuwatupia kuku yale mabovu. Martha alitakiwa awe amekufa tangu mvua za mwaka uliopita. Daktari alikwisha sema, padri alikwisha kumpaka mafuta, na majirani walikwisha kubaliana nani ataleta pombe ya msiba. Lakini Martha alisema hafi mahali pa kupanga. Angekufa kwenye kilima chao kule Muyinga, alikoolewa, au asingekufa kabisa. Basi akaendelea na maharage yake.

Kilima chenyewe kilikuwepo. Walikikimbia Adventina akiwa mgongoni, wakaenda Tanzania, na yeye akarudi ana mvi. Kila walipokwenda kudai, wazee wa kilima waliwajibu kwa upole jambo lile lile: onyesheni nyumba yenu ilikuwa wapi. Hapakuwa na hata jiwe la msingi. Palikuwa na kahawa ya Mzee Cyprien, imepandwa kwa mstari.

Simu iliyoita asubuhi hiyo ilikuwa ya Cyprien mwenyewe. Hakujua anampigia mtoto wa nani. Alichotafuta ni fundi.

"Mama fundi," alisema, "hapa niko na karabini, bunduki ya marehemu papa yangu, na kibali chake iko. Kavisi ka mbele kamevunjikia mu mtutu. Mafundi ya hapa yote imeshindwa. Eti weye hakuna visi inakushinda."

"Hakuna skrubu inayonishinda," alisema Adventina.

Alikuwa anajivuna, na alikuwa na haki ya kujivuna. Kazi aliifunzwa kambini na baba yake, Fredi, seremala ambaye watu walimletea hata saa na kufuli. Fredi hakuwa na muhuri wala saini. Alama yake ilikuwa moja tu: hakuiacha skrubu mpaka ule mkato wa kuingizia bisibisi usimame wima. Katika kazi yake yote, mlango au kiti, mikato ilisimama kama watoto wa shule wakiimba wimbo wa taifa. "Skrubu ikilala," alikuwa akisema, "ujue fundi wake alilala kabla yake." Fredi alizikwa Tanzania, alama yake ikabaki mikononi mwa binti. Pale Yoba, ukitaka kujua cherehani ipi imepita kwa Adventina, unainama tu na kutazama skrubu zake.

Walipanda basi la Muyinga pamoja. Martha alivaa kitenge chake cha kuzikiwa, kwa tahadhari.

Walimkuta Cyprien uani, bunduki imelazwa juu ya meza, na meza imepinda katikati. Mlinzi wake, Prosper, alieleza kwamba huisukuma kwa toroli. Wezi walikwisha kuiiba mara moja, wakaiacha getini wakihema.

"Zamani papa aliibeba na mkono moja," alisema Cyprien. "Ule mwaka watu walikimbia, ndiyo ikakuwa nzito. Juma ile ile akatoboa katundu huku mbele, akafunga kilengeo. Sasa kilengeo kilipinda, mi nikajaribu kuinyoosha na kisu ya jikoni."

"Ukazungusha kulia," alisema Adventina.

"Nilizungusha kulia."

Kichwa cha skrubu kilikuwa kimekatika. Shina lake, dogo kuliko punje ya ulezi, lilibaki limejibana tunduni, na juu yake mafundi wa kabla walikuwa wamechimba na kuchubua mpaka chuma kikang'aa. Adventina hakusema neno baya juu yao. Aliomba radhi kwa waliokuwepo, maana yeye ni wa mkono wa kushoto na kushoto si mkono wa heshima, kisha akaanza.

Alidondosha tone la mafuta ya taa, akangoja. Akapasha moto ncha ya chuma cha kulehemu, akaigusisha, akaiacha ipoe, akarudia. Martha akapitiwa na usingizi, akaamka, akaomba chai. Mwishowe Adventina akatoa sindano ya cherehani aliyoinoa mwenyewe ili ikate kwa kushoto, akaikaza kwenye mpini, akaanza kuizungusha kwa vidole viwili, polepole, bila kulazimisha. Cyprien alisogea akitaka kusaidia kushika. Adventina alimwambia akae chini, naye akakaa.

Skrubu ilitoka nzima, meno yake yote yakiwepo. Adventina aliiweka kiganjani, akaitazama kwa furaha ya wazi kabisa. Fundi mwingine angekufa bila kuona kazi safi namna ile.

Kisha ikatoka tunduni harufu ya moshi wa jikoni. Baada ya moshi akatoka kuku mwekundu, akajikung'uta, akaenda zake. Ukatoka mchi, kinu kikafuata, ikatoka mitungi, kikatoka kitanda cha miti na mtoto wa mbuzi aliyekuwa amefungwa mguuni mwa kitanda. Prosper akasogeza kiti chake kupisha boriti. Kuta zilitoka moja baada ya nyingine, zikashuka kwenye kahawa na kusimama mahali pake, na paa likazifunika. Wa mwisho kutoka ulikuwa mlango.

Meza ikanyooka.

"Bon," alisema Cyprien. "Ndiyo maana ilikuwa nzito."

Martha hakungoja mtu. Aliingia ndani, akachukua ufagio nyuma ya mlango, ulipokuwa siku zote, akafagia. Halafu akajilaza kitandani, akanyoosha kitenge chake vizuri, akafumba macho. Adventina alisimama mlangoni. Bawaba zilikuwa zimeshikwa kwa skrubu, na katika kila skrubu mkato ulisimama wima. Alizipapasa moja moja kwa kidole.

Lakini kazi ya mtu ilikuwa bado mezani, na binti wa Fredi haachi kazi njiani. Wakati Cyprien ametuma mtu kuwaita wazee wa kilima, Adventina alichonga skrubu mpya, akakifunga kilengeo, akakinyoosha mpaka hakikupinda hata unywele. Mkato akausimamisha wima. Prosper aliinua bunduki kwa mkono mmoja, akacheka.

Wazee walikuja wakiongozwa na Kasilda, mama mwenye sauti ya chini anayeheshimiwa kilima kizima. Waliizunguka nyumba, wakagonga kuta, wakainama kutazama bawaba. Mmoja alikumbuka kiti alichotengenezewa na Fredi ujanani, akatuma kiletwe. Mikato ikalinganishwa. Hapakuwa na ubishi. Kisha wakakaa, na chungu cha pombe ya ndizi kikawekwa katikati, na mirija yake.

"Tumeona," alisema Kasilda. "Nyumba ni ya Fredi, kwa hiyo ni yenu. Hapo hakuna mtu wa kuwasumbua. Ila nyumba imetoka mu bunduki ya Cyprien, haikutoka mu ardhi. Ardhi yenyewe haijasema kitu. Ardhi inabaki kwa mwenye kuilima."

"Mama yangu anataka kuzikwa hapa," alisema Adventina.

"Mtu hazikwi mu nyumba, mwanangu. Anazikwa mu ardhi."

Martha alisikia kutoka ndani. Alifumbua macho, akaamka, akakunja kitenge chake cha kuzikiwa.

Kasilda alimnyooshea Adventina mrija. Kwa desturi ya pale, ukishanywa umekubali, na shauri limekwisha. Adventina aliutazama mrija. Aliupokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akautumbukiza chunguni bila kuugusisha mdomo, akauacha umesimama.

"Na weye, maman?" Kasilda alimwuliza Martha.

"Mimi sijafa wala sijanywa," alisema Martha.

Wazee walinywa wenyewe. Mrija wa Adventina hakuna aliyeuondoa.

Nyumba ya udongo haisafiri. Adventina alifungua skrubu za baba yake, akazitia mfukoni, na mlango ukapakiwa kwenye lori la Joël, Mkongomani aliyekuwa akitokea mpakani Kobero na mchele. Nafasi ilikuwa ya mlango tu. Nyumba iliyobaki Cyprien aliifanya stoo ya mbolea, na kwa kuwa haina mlango, Prosper huilinda mchana.

Yoba, mwenye nyumba alikubali mlango uegemezwe ukutani uani, mradi usizibe njia ya maji. Adventina aliufungia fremu na bawaba zake, kwa skrubu zile zile. Ukiufungua, huoni ukuta. Unaona kilima cha Muyinga: kahawa, kuku mwekundu, chungu cha pombe ambacho bado kinatoa povu, na mrija mmoja umesimama ndani yake. Kuvuka haiwezekani. Majirani walikwisha jaribu, wakagonga vichwa ukutani. Martha huweka mkeka wake pale kila asubuhi na kuchambua maharage akitazama kilima. Hajafa. Anasema hana haraka, mwenye haraka ni ardhi.

Juzi jirani Providence alikuja kwa Adventina kufuata cherehani, akakuta mlango uko wazi. Prosper alikuwa upande wa pili, karibu kabisa. Alipowaona aliinua bunduki kwa mkono mmoja, akawaelekezea, kama alivyoagizwa afanye kwa yeyote anayetazama shamba.

Providence alirudi nyuma. Adventina alisogea mbele, akainama, akatazama mdomo wa mtutu. Kilengeo kilikuwa kimenyooka. Mkato wa skrubu ulikuwa umesimama wima.

"Hiyo," alimwambia Providence, "ni kazi yangu."