Mkono Uliobaki Kiunoni

Macho hayana pazia, husema watu. Ya Delbert Kubiak yalikuwa nalo. Alilishona mwenyewe Jumapili moja ya Januari, mbele ya watu elfu sabini, na kwa wiki tisa alikuwa akilala na kuamka nyuma yake.

Siku za kazi Delbert alikuwa mpima ardhi mjini Erie. Majirani waliogombana miaka kumi walinyamaza akishasimika kigingi. Jumapili za msimu alivaa shati la mistari myeusi na myeupe, akawa mmoja wa waamuzi saba wa mpira wa Kimarekani wa kulipwa, ule unaodakwa na kukimbizwa kwa mikono. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mstari wa goli, akiwatazama wapokeaji wa pasi na walinzi wanaowakimbiza. Mtu akicheza rafu, Delbert anachomoa kitambaa cha njano kiunoni na kukitupa chini. Basi. Kusema si kazi yake. Katika kikosi cha waamuzi husema mmoja tu, mwenye kofia nyeupe. Wale sita wa kofia nyeusi humnong'oneza, kisha hufunga vinywa mpaka kaburini.

Jumapili ile ya Januari timu ya Louisville ilikuwa nyumbani, ikicheza na Omaha. Zikiwa zimebaki dakika tano Delbert alitupa kitambaa dhidi yao, na uwanja mzima ukamzomea. Bia ikamwagika shingoni mwake. Kocha wao alimwita mwizi, akamtaja na mama yake. Halafu, zikiwa zimebaki sekunde sita, Omaha wakarusha pasi ndefu kwenye kona, kwa kijana aitwaye Tavares Whitlow. Akiwa hatua nne tu kutoka pale, Delbert alimwona mlinzi wa Louisville akipenyeza mkono chini ya kwapa la Whitlow na kumbana mkono wa kushoto kabla mpira haujafika. Mkono wa Delbert ukashuka kiunoni. Ukashika kitambaa. Ukabaki hapo hapo.

Mpira ulimgonga Whitlow kifuani ukaanguka. Msimu wa Omaha ukaishia hapo, maana sheria haikuwaruhusu wale wa chumba cha marudio, wanaoutazama mchezo upya kwenye video, kutupa kitambaa ambacho mwamuzi hakukitupa.

Whitlow alisema alishikwa. Nchi nzima ikacheka. Wakamwita Mikono ya Siagi, kana kwamba mpira ulimteleza tu, na wengine wakamtumia mama yake makopo ya siagi kwa posta. Kijana akaacha kwenda hata dukani.

Mwezi Machi wenye timu walikutana hotelini Florida kupigia kura mabadiliko ya sheria. Geneva Ostrander, mwenye timu ya Omaha, alikuja na pendekezo lake: chumba cha marudio kipewe ruhusa ya kutupa kitambaa. Kamati ya sheria ikawaita waamuzi wa mchezo ule wajieleze.

Hollis Breckner, yule wa kofia nyeupe, alimdaka Delbert kwenye korido, kando ya meza ya kahawa.

"Del, kaka, mbona umekunja uso kama umelamba ndimu? Tulia. Nasema mimi. Wewe ulizibwa na wachezaji, hukuona, tumemaliza."

"Sikuzibwa, Hollis."

"Hiyo sijaisikia."

"Nilikwambia siku ile ile, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wote mkiwepo."

"Na siku ile ile nikakwambia sijasikia. We bwana, kichwa chako cha saruji? Miaka kumi na tisa tuko pamoja, watoto wangu wanakuita baba mdogo! Ukisema uliona, hufukuzwi peke yako. Tunaliwa sote saba. Watasema hawa jamaa wanaona, halafu wanameza."

Delbert alikoroga kahawa ambayo hakuwa ameitia sukari. Kilichomtia aibu kuliko woga wa Januari ni kwamba neno lile, ulizibwa, lilikuwa tamu masikioni mwake. Wiki tisa alikuwa amelinyonya kama pipi.

Ndani, picha ilirudiwa kutoka pande sita. Katika zote sita mgongo wa Whitlow ulifunika kwapa lake.

"Mara arobaini tumetazama," akasema mwenye timu ya Louisville, akiegemea kiti. "Mama Ostrander, unataka mashine ione mkono usiokuwepo? Mnunulie kijana wako glavu zenye gundi, yaishe."

Chumba kikacheka. Geneva Ostrander, mwanamke wa miaka sabini na ushee, hakucheka.

"Rudisha nyuma," alimwambia fundi wa picha. "Whitlow simtaki. Namtaka yule bwana pale nyuma. Mkuze."

Delbert akajiona ukutani, mkubwa kuliko mlango. Mkono kiunoni. Ncha ya njano ikichungulia kati ya vidole.

"Huo mkono unafanya nini hapo, Bwana Breckner? Anajikuna?"

"Mazoea tu, mama. Mwamuzi wangu alizibwa. Hakuona."

"Namuuliza yeye."

"Kwa taratibu zetu, mama, anayesema ni mimi."

Delbert aliutazama ule mkono ukutani. Alifikiria makopo ya siagi yaliyopangwa mlangoni kwa mama wa watu. Akasimama. Hollis akamvuta koti chini ya meza. Koti likabaki mkononi mwa Hollis kidogo, kisha likamponyoka.

"Niliona," alisema Delbert. Sauti ilimtoka nyembamba. "Alishikwa mkono wa kushoto, chini ya kwapa. Kijana hakusema uongo. Nilishika kitambaa, nikaogopa. Nilikuwa nimeshazomewa mara moja, sikutaka ya pili."

Geneva akamgeukia.

"Kwa hiyo unaliunga mkono pendekezo langu," akasema Geneva.

"Hapana, mama. Mashine yako imetazama mara arobaini na haijaona kitu. Lililoona ni jicho langu. Mkipitisha sheria mia, mtu akiamua kutosema, ni yale yale."

Pendekezo lilianguka kabla ya chakula cha mchana. Geneva alimpita bila salamu, lakini pale mlangoni alisimama akapiga simu. "Tavares, mwanangu," Delbert alimsikia akisema, "kaa chini kwanza." Masikio yakamwaka moto. Alitamani zulia limmeze.

Kwenye korido wenzake walimngoja, Hollis mbele na watano nyuma yake.

"Umetuuza," alisema Hollis. "Umetuanika kama mashuka. Haya, sikiliza. Sisi ni watu wazima. Omba radhi hapa hapa, mbele ya wenzako, tujue bado u mwenzetu. Neno moja tu, Del, tukale."

Delbert hakuinua macho mara moja. Aibu haikuwa imemtoka. Ilikuwa imehama tu, kutoka tumboni hadi usoni, mahali ambapo kila mtu angeiona. Alitia mkono mfukoni, akatoa kitambaa cha njano alichotembea nacho tangu Januari, akakiweka mezani kando ya vikombe.

"Kwa Whitlow nitakwenda," akasema. "Nitagonga mlangoni kwa mama yake, na akinifungia nitagonga tena. Ninyi mlijua tangu siku ile. Siwaombi radhi."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."