Vidole Begani kwa Mama

Mshonaji wa duka linalotazamana na letu la uchapaji aliingia asubuhi, akaninyooshea simu hadi puani.

"Fundi, nitolee hii. Kubwa, ya ukutani. Jumamosi nafungua karakana mpya, nataka mtu akiingia aanze kumwona mama."

Mama yake ndiye aliyemfundisha kushika sindano, akafariki kabla ya kuiona hiyo karakana. Nilimfahamu: ulimi mkali, kicheko cha kuangusha vikombe. Nikaihamishia picha kwenye kompyuta, nikaikuza. Uso wa mama ukageuka vigae vya bafuni.

"Mbona umemharibu?"

"Mimi tena? Imenifikia hoi. Imepita simu ngapi hii?"

Ilikuwa imezunguka ukoo mzima, kwa shangazi, kwa binamu, ikarudi kwake alipobadilisha simu. Kila ikirushwa inapunguzwa uzito ili ipite haraka. Kibaya zaidi, upande mmoja ulikatwa hadi karibu na sikio la mama, na begani vilibaki vidole vinne vya mtu.

"Nani kakata hivi?"

"Mimi." Akatazama nje.

Subira sina, mtaa mzima unajua. "Dada, ukikata kitambaa sawasawa na kipimo, utashona wapi?"

"Lazima uache cha kupindia."

"Basi na mimi naachia nafasi ya kisu cha mashine ya kukatia. Kikiteleza kidogo tu, mama hana sikio. Nataka picha nzima, ile ya kwanza kabisa. Iko wapi?"

"Kwa mwenye vidole."

Yaani kaka yake. Walikuwa wamenuniana tangu mazishi kwa ajili ya cherehani ya mama: dada aliitaka afanyie kazi, kaka akaifungia chumbani, hataki iguswe. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Jembe langu ni kompyuta, nikageukia kadi za harusi za mteja mwingine. Lakini nilimhurumia, na masikio sikuyageuza.

Aliandika ujumbe, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwisho akapiga.

"Kaka, shikamoo." Sauti ilikuwa ya mtoto aliyevunja sahani. "Naomba ile picha yako na mama. Usiitume kama picha, itapungua. Itume kama faili." Akanitazama kuhakikisha hajakosea, nikaitikia kwa kichwa. "Ya karakana. Jumamosi." Akasikiliza kwa muda mrefu, akipangusa macho kwa mkanda wa kupimia uliokuwa shingoni. "Ndiyo. Na wewe uje."

Picha ilipofika ilikuwa nzito hata kompyuta ikasitasita. Mama alionekana kila kunyanzi, na sindano aliyoichomeka kwenye kola ikimeta. Ubavuni mwake kaka, mkono mmoja umeshika simu, mwingine begani kwa mama, anacheka hadi macho yamefumba.

"Mtazame," mshonaji alisema. "Hajawahi kutoka vizuri kwenye picha hata moja." Akacheka, na machozi yakamtoka upya.

Nikageuza rangi za kioo cha kompyuta kuwa za wino, nikaongeza mwanga kidogo maana karatasi hufifiza. Kisha nikavuta mstari wa kukatia hadi pembeni mwa mama, nikimwachia nafasi ya kutosha.

"Sasa hata kisu kiteleze, sikio lipo. Nikate hapa, abaki mama peke yake?"

Aliinama karibu na kioo. Kidole chake chenye vumbi la chaki kikausukuma ule mstari hewani, ukampita mama, ukampita kaka.

"Fremu pana zaidi unayo?"

"Ninayo. Ila huko mwisho hakuna cha kupindia. Kiwiko cha kaka kitaliwa na kisu."

"Kiwiko kata," alisema. "Vidole usiguse."