Dari Linalokoroma Ijumaa

Neno lenyewe lilianzia kwa Felicitas, muuza supu wa nyumba ya pili na gesti, na lilipomwingia Bi Jokha sikioni halikutoka tena. Eti dari la gesti anayoiendesha binti yake lina kitu, na kitu hicho hukoroma kila Ijumaa.

"Dada Jokha, mie simo," alisema Felicitas huku akichota supu. "Nasikia tu. Wanasema ile mashine mliyofunga inavuta pumzi za wageni wakilala. Siku nyingine imeshiba, imetulia. Ijumaa sasa, njaa."

"Kakwambia nani?"

"Mteja. Alilala chumba cha mwisho, asubuhi kaja hapa anasema kifua chake chepesi."

"Kifua chepesi si ndiyo vizuri?"

"Inategemea kimetolewa nini," alisema Felicitas, akamkamulia ndimu.

Bi Jokha alirudi na supu yake, ikapoa mezani hajaionja. Gesti hiyo iko Vingunguti, upande ambao upepo ukigeuka kutoka machinjioni, mgeni anajua kabla hajaambiwa. Mwenye nyumba ni Suleiman, shemeji yake Bi Jokha. Anayeiendesha ni Khulud, binti wa Bi Jokha, msichana aliyesomea mambo ya hoteli, na ndiye aliyembembeleza ami yake mpaka mashine ya kuchuja hewa ikapandishwa darini.

"Ina chujio," alimweleza mama yake siku ile ya kufungwa.

"Kama la chai?"

"Kama la chai, ila hili la hewa. Tena mashine yenyewe ina pua. Hewa ikiwa safi inasinzia, inakula umeme kidogo tu. Ikinusa vumbi au harufu inaamka, inavuta, inachuja, inarudisha. Madirisha tunafunga, AC haihangaiki na joto la nje. Umeme utapungua, mama, utaona."

Umeme haukupungua. LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ilianza kulia salio kabla ya wakati wake, na Ami Suleiman akaja akasimama katikati ya korido, ameinua kichwa juu kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani.

"Khulud mwanangu, mashine ya kubana matumizi mbona inakula kama imetoka kufunga?"

"Ami, mie mwenyewe sielewi. Nipe muda kidogo."

"Yule mfanyabiashara wa machinjioni, Leodegar, anaitaka nyumba hii aifanye stoo ya ngozi. Nimemwambia asubiri hao walimu wako wanaotafuta pa kulala wakati wa semina. Wakiipenda, tunaendelea. Wakiikataa, mashine inashuka, nyumba anachukua Leodegar, na wewe tutakutafutia kitu kingine."

Bi Jokha aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Alikijua kitu kingine cha shemeji yake. Kwa kawaida huwa ni mume.

Na walimu wenyewe, kiongozi wao Mwalimu Eliaichi kutoka Moshi alikuwa aje kuangalia vyumba kabla ya semina yao. Siku aliyoitaja ni Ijumaa.

Hapo ndipo Bi Jokha alipoona hana ruhusa ya kukaa amekunja mikono. Yeye tangu aolewe, Ijumaa haijampita bila kufukiza udi. Asubuhi, Khulud akishakwenda Kariakoo kununua mahitaji, mama hupalia makaa kwenye chetezo, akapita chumba hadi chumba, kila pazia akalipa haki yake. Khulud akirudi hanusi kitu. Alizaliwa ndani ya moshi huo. Kwa pua yake udi ndiyo hewa yenyewe.

Sasa baada ya habari za Felicitas, Bi Jokha alikuwa ameanza kutega sikio. Na kweli. Akiingia na chetezo, dari linaguna. Akikiinua juu kidogo, linanguruma. Akitoka, baada ya muda linatulia.

"Kumbe," alijisemea. Kitu kinachochukia udi, nani asiyekijua ni kitu gani? Akaongeza ubani. Nacho kikaongeza kukoroma. Akaongeza na yeye. Wiki zikapita hivyo, kila mmoja na ubishi wake, na LUKU katikati yao inalia.

Ijumaa ya mgeni ilipofika, aliazima chetezo cha pili kwa jirani yake Raudha. Kimoja alikipitisha koridoni kisha akakirudisha uani. Cha pili alikificha ndani ya kabati la chumba cha mwisho, ili kitu kile kikose pa kukimbilia.

Mwalimu Eliaichi alifika mapema kuliko walivyomtazamia, mama mnene mwenye kitenge kilichopigwa pasi mpaka kinang'aa. Ami Suleiman alimpokea mlangoni, Khulud akatangulia na funguo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nitakwambia ukweli, shida yangu ni kifua. Hakipatani na vumbi wala moshi. Ndiyo maana nikavutiwa uliponiambia habari za hewa."

"Hapo umefika," alisema Khulud, akafungua chumba cha mwisho.

Dari lilikuwa linanguruma kama lori linalopanda mlima. Kutoka kabatini moshi ulitoka polepole, bila haraka, kama mwenyeji anayekuja kusalimia wageni. Mwalimu Eliaichi akakohoa. Akakohoa tena, akashika ukuta. Mashine ikapandisha sauti mpaka vioo vikatetemeka, halafu ikakata, na taa nazo. LUKU imekwisha.

"Jini wenu kafa?" aliuliza Felicitas, ambaye alikuwa ameacha supu jikoni na sasa kichwa chake kilikuwa dirishani.

Khulud alimshika mwalimu mkono akamtoa uani, akarudi akafungua madirisha yote, akakitoa chetezo kabatini kwa kibwebwe cha mama yake. Kisha akavuta stuli, akapanda, akafungua mdomo wa mashine na kuchomoa chujio. Lilipofungwa lilikuwa jeupe. Sasa lilikuwa rangi ya chapati iliyosahauliwa jikoni. Akalisogeza puani, akanusa.

"Mama."

"Abee." Bi Jokha aliitika kinyonge, kama binti ni yeye.

"Huyu jini wako ananukia kama buibui lako la Idi."

Ami Suleiman naye akalinusa. "Huu udi mzuri lakini," alisema. Halafu ikamwingia. "Shemeji, kumbe ni wewe unayeiamsha? Tena umeiziba na pua?"

"Mie nilikuwa namlinda mtoto," alisema Bi Jokha, macho chini. "Nikasikia inavuta pumzi za watu."

"Pumzi za watu inaziacha, mama. Inavuta moshi wako. Na chujio likiziba, inahangaika mara mbili, inakunywa umeme wote."

Khulud alikuwa na chujio la akiba. Akalipachika, akanunua umeme kwa simu, akasubiri moshi uishe ndipo akafunga madirisha. Mashine iliamka, ikavuta kwa nguvu, ikapunguza, ikapunguza tena, mwisho ikabaki inahema kama paka. Mwalimu Eliaichi alirudishwa ndani. Alisimama chini ya dari, akavuta pumzi ndefu huku wote wakimtazama kifua.

"Walimu wangu nitawaleta," alisema. "Ila huyu mama na chetezo chake abaki uani."

"Atabaki," alisema Ami Suleiman, akatoka kumpigia Leodegar akatafute stoo kwingine.

Mwalimu akamsogelea Bi Jokha, akashusha sauti. "Huo udi unanunua wapi? Nataka wa nyumbani, wa kuweka kwenye nguo bila kuuchoma. Mie sina mashine."

Ijumaa iliyofuata Bi Jokha alikaa uani na chetezo miguuni, sikio kwenye dari. Kimya. Felicitas akapita na bakuli.

"Dada Jokha, sasa wanasema mmekiua."

"Waambie kimesinzia. Na wewe ukipika, funga dirisha lako."

Kwa hiyo mwenye gesti, au mwenye mtoto anayefanya kazi gestini, aepuke haya:

Kufukiza udi au ubani kwenye chumba chenye mashine ya kuchuja hewa. Fukizia uani.

Kuweka makaa ndani ya kabati, hata kwa muda mfupi. Nyumba itaungua.

Kuacha dirisha wazi mashine ikiwa kazini. Utachuja hewa ya mtaa mzima kwa umeme wako.

Kupulizia marashi au dawa ya mbu karibu na mdomo wa mashine.

Kuuziba mdomo huo kwa pazia au kanga kwa sababu unakukera.

Kufua chujio la karatasi na kulianika. Likichafuka linabadilishwa.

Kuamini habari za dari kutoka kwa mtu ambaye hajapanda stuli.