Jeraha Lilifika Kabla ya Barua

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, Evelina Shekivuli alikuwa ameinama kwenye tuta la nne la shamba lake, juu kidogo ya Mlalo, akipalilia karoti, jicho lake la kushoto lilipovimba. Hakukuwa na mdudu wala tawi. Jicho lilivimba tu, likafumba, na ngozi iliyolizunguka ikageuka rangi ya biringanya. Muda mfupi baadaye mdomo wa chini ukapasuka, damu ikadondokea majani ya karoti.

Evelina alichomeka jembe kwenye udongo, akaketi ukingoni mwa tuta. Alikuwa na mtoto mmoja tu anayeishi mbali naye: Loveness, kidato cha pili, katika shule ya bweni iliyo juu ya mlima wa pili, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kuwaza sana. Akasubiri. Baada ya kama robo saa mgongo nao ukaanza. Fimbo zilikuja moja moja, kwa mpangilio, za mtu asiye na haraka. Evelina akazihesabu. Zilipofika tisa zikakoma.

Wifi yake, Klara, aliyekuwa akipalilia tuta la chini, aliinua kichwa.

"Ni Loveness?"

"Ni yeye."

"Wapi na wapi?"

"Jicho, mdomo, na mgongo."

Klara alimtazama kidogo, akarudi kwenye palizi yake. "Nenda zahanati kabla tabibu hajaenda kula. Hapa nitamalizia mimi."

Tabibu wa zahanati aliitwa Timotheo, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsafisha mdomo, akamtazama mgongo, akauliza kama ana mtoto bweni. Evelina akasema anaye.

"Jeraha la kupigwa huwa linahitaji fomu ya polisi, PF3," Timotheo alisema, "lakini haya ya watoto huwa tunayaacha. Polisi watakuuliza nani kakupiga, nawe ulikuwa shambani." Akaandika kwenye kadi ya Evelina: *Majeraha ya mtoto, yamejitokeza kwa mama*. Tangu shule zifunguliwe Januari alikuwa ameandika hivyo mara saba, kwenye kadi za wazazi mbalimbali. Akampa dawa ya maumivu na kumwambia asilale chali.

Jumanne ile yote Evelina alisubiri shule iseme. Alikuwa na haki ya kusubiri. Siku alipompeleka Loveness kuanza kidato cha kwanza alijaza fomu yenye namba mbili za simu, yake na ya Klara, na mwalimu aliyeipokea alisema mzazi atajulishwa kila jambo. Jumatano ikapita. Alhamisi jioni, akiwa anamenya viazi, ujumbe ukaingia: *Mzazi wa LOVENESS. Unajulishwa kuwa mwanao ni mzima na anaendelea vizuri na masomo. Uongozi wa shule.*

Aliusoma mara mbili kwa jicho la kulia. Kisha akamsomea Klara.

"Mbona ni habari njema," Klara alisema.

"Mwaka mzima hawajawahi kuniambia ni mzima," Evelina alisema. "Aliye mzima hatangazwi."

Ijumaa alfajiri alivaa viatu vya kanisani, akajitanda khanga, akapanda mlima. Ukungu ulikuwa bado haujaachia mikaratusi alipofika. Nje ya ofisi ya mkuu wa shule palikuwa na benchi, na kwenye benchi alikuwa ameketi mwanamume wa makamo, kofia ya kitambaa kichwani, vumbi la mbao kwenye nyusi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kama andazi. Alikaa wima, bila kuegemea ukuta. Evelina naye akakaa bila kuegemea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada." Alimtazama jicho. "Wewe ndiye wa jicho."

"Ndiyo mimi. Nawe ni wa mkono."

"Mimi." Aliuweka ule mkono juu ya goti, kama mzigo asiomjua mwenyewe. "Naitwa Hamisi. Fundi seremala. Nilikuwa napiga randa ubao wa kitanda, Jumanne, ngumi ikajikunja yenyewe na kuvimba. Binti yangu Hawa si mtoto wa ugomvi. Lakini mkono huu umepiga mtu, siwezi kukataa. Nisamehe, dada."

"Mgongoni una ngapi?"

Hamisi alijisogeza kwenye benchi. "Tisa."

"Na mimi tisa."

Walitoa simu zao. Ujumbe wa Hamisi ulikuwa mwingine: *Mwanao HAWA amempiga mwenzake bila sababu. Mzazi unaonywa.* Haukutaja fimbo. Wa Evelina haukutaja kitu chochote. Waliziweka simu mbili juu ya benchi, moja kando ya nyingine, wakazitazama kama watu wanaolinganisha vipande viwili vya chungu kimoja.

Mkuu wa shule, Mwalimu Nathanaeli, aliwaita pamoja. Alikuwa mtu mwenye sauti ya upole, na mezani kwake kulikuwa na ua la plastiki na kitabu cha adhabu chenye jalada jeusi. Aliwakaribisha viti, akawauliza habari za mvua na za mashamba. Kisha akauliza wamekuja kwa jambo gani.

"Kwa hili, Mwalimu," Evelina alisema, akalielekeza jicho kwake.

"Pole sana, Mama Loveness."

"Sijaja kupewa pole. Nimekuja kuambiwa. Nani alimpiga mwanangu, kwa nini, na baada ya hapo nani aliwachapa fimbo tisa."

Mwalimu Nathanaeli alifungua kitabu cheusi na kuwageuzia. Siku ile ya Jumanne hapakuwa na kitu. "Utaratibu ni fimbo zisizozidi nne, na kila adhabu inaandikwa hapa," alisema. "Haikuandikwa. Maana yake haikutolewa." Akamtuma mwalimu wa zamu awalete wasichana.

Wakaja wawili, sketi za kijani, masweta yaliyochanika viwiko, wakapiga magoti kidogo kusalimia. Uso wa Loveness ulikuwa mwororo. Jicho zima, mdomo mzima. Matroni wa bweni, aliyekuja nao, alimgeuza Loveness, akaifungua blauzi mgongoni kwa adabu, nyuma ya mlango wa kabati, akamwita Evelina aone. Mgongo ulikuwa safi kama wa mtoto mchanga. Mkono wa Hawa nao ulikuwa mwembamba na mzuri, bado una wino wa somo la jiografia.

"Mmeona wenyewe," Mwalimu Nathanaeli alisema. "Shule haina mtoto aliyeumia. Tukiandika kwamba ameumia tutakuwa tumesema uongo."

Evelina akaomba azungumze na binti yake peke yao. Wakapewa dakika tano, chini ya ukuta wa maktaba.

Loveness alisema ilikuwa foleni ya maji. Bomba lilikuwa linatoa maji kwa muda wa saa moja tu kwa siku, na siku ile wasichana mia na zaidi walikuwa na ndoo. Hawa alikuwa amesimama tangu alfajiri. Loveness alichelewa kwa sababu alikuwa zamu ya usafi, akadhani kuna aliyemshikia nafasi. Wakasukumana. Hawa akapiga. Mwalimu wa nidhamu akafika, hakuuliza, akawalaza wote wawili mbele ya foleni.

"Mimi na Hawa tumeshapatana, mama. Tunachota ndoo moja, tunagawana."

"Alama zilikaa muda gani?"

"Hazikukaa. Nilipopigwa nikagusa jicho, nikakuta halina kitu. Nikajua limefika nyumbani."

"Na maumivu?"

"Yalibaki." Loveness alikuwa akitazama viatu vyake. "Nililia, mama. Mwalimu akaniuliza nalia nini wakati sina alama. Akasema najifanya. Akataka kuniongeza."

Evelina alimfunga binti yake kifungo cha sweta kilichokuwa wazi, akamshika shavu kwa kiganja, akamwambia aende darasani. Kisha akarudi ofisini, akakaa kwenye kiti kilekile, na kusema haondoki mpaka yaandikwe. Alikaa mpaka kengele ya chakula cha mchana. Alikaa mpaka kengele ya michezo. Hamisi alikaa naye. Jioni Mwalimu Nathanaeli, ambaye hakuwa mtu mbaya na alikuwa na njaa, aliandika barua fupi na kuigonga muhuri: *Wazazi wawili wamefika shuleni wakiwa na majeraha ambayo chanzo chake hakifahamiki.*

Evelina aliisoma, akaikunja, akairudisha mezani. "Hii ni barua kuhusu sisi, Mwalimu. Mimi naomba ya watoto."

Mkutano wa wazazi ulifanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne, katika bwalo. Walikuja kama sitini. Baba mmoja kutoka bonde la chini alikuwa na bandeji sikioni. Bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu alikuwa amevimba viganja hata akashindwa kushika kalamu. Jirani yake akamwandikia jina kwenye karatasi ya mahudhurio. Mwalimu Nathanaeli alisimama na kusoma taarifa ya nidhamu. Katika kipindi chote, alisema, hakuna mwanafunzi aliyejeruhiwa. Wazazi walisikiliza kwa heshima, kwa sababu ilikuwa kweli.

Evelina akanyoosha mkono. Alipopewa nafasi alisema jina lake, jina la mtoto, tarehe, saa, jicho, mdomo, na fimbo tisa. Akamwomba Hamisi asimame, naye akasimama, akavua kofia na kusema yake. Sufuria za makande zilisikika kutoka jikoni.

Ndipo yule mwenye bandeji akasema, akiwa amekaa, "Dada, mimi bora nibebe mimi kuliko mtoto. Tumshukuru Mungu watoto wanatoka wazima."

Wengi walitikisa kichwa kukubali. Evelina naye alikubali.

"Hata mimi nabeba," alisema. "Nitabeba mpaka amalize kidato cha nne, na sitalalamika hata siku moja. Lakini mtoto anaumia, analia, anaambiwa anajifanya. Hilo halikuja mgongoni kwangu, lilibaki naye. Naomba liandikwe."

Mwenyekiti alimshukuru mama kwa mchango mzuri, akasema muda umekwenda na chakula kimeiva. Katika muhtasari, katibu aliandika: *Wazazi walitoa maoni mbalimbali.*

Mwezi wa tano wazazi wote walipata ujumbe. Kwa kuwa imebainika kwamba taarifa za ugomvi na adhabu huwafikia wazazi mapema kwa njia nyingine, shule haitatuma tena taarifa hizo. Mzazi mwenye alama mwilini anaombwa kuzifunika anapoingia eneo la shule, ili asiwatie hofu wanafunzi. Klara aliusoma, akasema angalau sasa wamekiri. Evelina akasema hawajakiri, wamepumzika.

Jumapili ya pili ya mwezi wa saba alikuwa kanisani, katikati ya wimbo wa pili, viganja vyake vilipoanza kupigwa. Aliyeketi kulia kwake alikishika kitabu cha nyimbo ili aendelee kuona, naye akaendelea kuimba, huku akihesabu katikati ya beti. Sita, na sita.

Jumatatu saa mbili alikuwa getini. Mlinzi, kijana aitwaye Omari, alimsalimia shikamoo, Evelina akaitikia marahaba.

"Mama, nimeagizwa nikuombe ufunike mikono."

Evelina aliivua khanga mabegani, akaikunja vizuri, akaibana kwapani. "Daftari la wageni unalo?"

"Ninalo."

"Niandike."

Omari akaandika jina, akaandika saa, akafika penye sababu ya kuja. "Kumwona mwanafunzi?"

"Hapana. Andika: viganja viwili, fimbo sita kila kimoja, Jumapili saa tatu na nusu, sababu sijaambiwa."

Omari aliangalia upande wa ofisi. "Nafasi ni ndogo, mama."

"Tumia herufi ndogo."

Akaandika kwa herufi ndogo, ulimi ukiwa nje pembeni ya mdomo. Evelina alisoma, akamwonyesha kwamba amesahau neno *kila*, naye akaliongeza juu ya mstari. Kisha Evelina akapanda njia ya ofisini. Karani alimwambia mkuu amekwenda Lushoto mjini, ingawa koti lake lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango na chai yake ilikuwa bado inatoa moshi. Evelina alisema hana haraka. Akaketi kwenye benchi, akaweka viganja juu ya magoti, vikitazama juu, mahali ambapo kila apitaye lazima avione.